Barafu za Dogi: Vile Utamtengenezea Mbwa Wako Kitu Baridi kwa Keja Bila Kumpeleka kwa Veti

Kama unafuga mbwa na unaishi Nai, Mombasa, Kisumu ama mahali pengine popote penye mabati huwaka kuanzia Januari hadi Machi, basi umeshamwona dogi wako saa nane mchana. Amejilaza kwa simiti hapo mlangoni, ulimi nje, ukimwita anainua jicho moja tu. Si kiburi. Amechomeka.

Leo tunaongea vile unaweza kumfanyia barafu yake kwa vitu viko hapo kwa mama mboga, bila blenda ya bei na bila zile bluberi za supamaketi unaona kwa TikTok za Wamarekani. Ni rahisi kuliko chapati. Shida huwa moja tu: watu wengi wanamtengenezea mbwa kile wao wenyewe wangependa kulamba. Mimi nilifanya hivyo na nusura nimzike.

Mbwa wangu anaitwa Chwani, ju hiyo ndiyo bei nilimnunua kwa mtoi mmoja hapa mtaani. Finje safi, akiwa kadogo kaa kiatu. Mwaka jana Februari binamu yangu alitoka Mombasa na mfuko wa ukwaju, tukatengeneza barafu kaa zile za pwani, kali, na sukari kiasi. Chwani alikuwa ananitolea macho. Nikampa tatu, si na yeye anasikia joto? Usiku akaanza kutapika. Kesho yake hakutaka hata matumbo, na hakukojoa siku nzima. Tulipofika kwa veti, swali la kwanza lilikuwa amekula nini. Nilipotaja ukwaju, daktari aliacha kuandika akaniangalia.

Alikaa kwa dripu siku tatu. Bili ilikuwa ngiri kumi na nne, na mimi hulipwa kwa kila makala, kwa hivyo fanya hesabu mwenyewe. Alipona, sahi amelala hapa chini ya meza. Lakini hapo ndipo nilianza kusoma hii maneno vizuri na kuwasumbua maveti kwa maswali. Mimi si daktari. Chuo niliachia mwaka wa pili, na hata haikuwa kozi ya wanyama.

Kwanza, kwa nini anachomeka hivyo

Mbwa hatoi jasho mwili mzima kaa wewe. Vitezi vyake vya jasho viko hasa kwa nyayo, na hivyo peke yake haviwezi kazi. Kinachompoza ni kuhema. Hewa inapita kwa ulimi na koo lenye maji, maji yanakuwa mvuke, joto linatoka. Ndiyo maana kwa siku ya unyevu kaa Mombasa anateseka zaidi hata kama jua si kali sana, ju mvuke haukauki haraka. Wale wa pua fupi, kaa bulldog na pug, wamezaliwa na njia ndogo ya hewa kwa hivyo wao ni hatari zaidi. Halafu kuna hizi Japanese Spitz, zile nyeupe kaa pamba zimejaa kila estate ya Nairobi. Manyoya yote hayo, halafu mtu anamfungia kwa balkoni ya saa saba. Bana.

Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kama digrii 38 hadi 39. Kwa hivyo ukimgusa ukahisi ana moto kukuliko, hiyo ni sawa. Ikipita 41 hiyo ni dharura, nitairudia huko chini.

Barafu inamsaidia kwa njia mbili. Inamwongezea maji mwilini bila yeye kujua, na inampa kazi ya kufanya mdomoni badala ya kutafuna viatu vyako. Si dawa, na si chakula. Ugali wake na omena ama zile chakula za duka zibaki pale pale.

Vitu havifai kuingia kabisa

Naanza na hapa ju hapa ndipo pesa na machozi ziko. Ukisoma sehemu moja tu ya hii makala, iwe hii.

Ukwaju, zabibu na zabibu kavu. Zabibu zilijulikana kitambo kuwa zinaua figo za mbwa lakini hakuna aliyejua ni nini ndani yake. Juzi juzi tu, kuanzia 2021, madaktari wa sumu za wanyama kule Marekani waligundua kwamba mbwa waliokula ukwaju na wale waliokula ile poda ya asidi ya kuoka keki walipata shida ile ile ya figo. Kinachounganisha zote ni asidi ya tataliki. Ukwaju umejaa hiyo kitu, ndiyo inafanya uwe mkali. Hakuna kipimo salama cha kusema kamoja tu hakadhuru, ju mbwa mmoja anaweza kula akakaa fiti na mwingine akaanguka.

Zailitoli. Hii ni sukari ya kubadilisha, ile wanaweka kwa chingamu na peremende za kuandikwa hazina sukari, kwa dawa zingine za meno, na kwa pinati bata za wale wasee wa jimu. Kwa binadamu haina noma. Kwa mbwa inafanya mwili umwage insulini ghafla, sukari ya damu inashuka ndani ya dakika chache hadi saa moja, anayumba kaa mlevi, anaweza kupata kifafa, na ini linaweza kufa baadaye. Kwa lebo, jina lake la Kizungu linaanza na herufi X, ama wanaficha kwa namba E967. Kama huoni lebo, usimpe.

Chokoleti na kakao, hata kidogo cha kupaka juu. Ile nyeusi chungu ndiyo mbaya zaidi. Kahawa na majani chai ni hivyo hivyo.

Vitunguu, vya maji na saumu, vibichi, vilivyopikwa ama vya poda. Vinavunja chembe nyekundu za damu, na dalili zinaweza kuchukua siku kadhaa kuonekana. Hapa ndipo wasee wengi wanaanguka: unachukua supu iliyobaki jana unagandisha. Hiyo supu iko na kitunguu, na hata kama haina, zile poda za kuongeza ladha kwa mchuzi ziko nacho pamoja na chumvi mob.

Makadamia. Kenya tuko kwa zile nchi kubwa duniani za kukuza makadamia, kwa hivyo kama una shosho Murang'a, Embu ama Meru, hizi unazo kwa nyumba. Zinamfanya mbwa alegee miguu ya nyuma na atetemeke. Mara nyingi hupona kwa siku moja mbili, lakini kwa nini umwone hivyo.

Avokado watu wanabishana. Nyama yake si sumu kubwa kwa mbwa vile watu husema, ila ina mafuta mengi, na ile mbegu akiimeza inaziba utumbo unalipia upasuaji. Wacha tu. Matunda mengine mob yapo.

Sahi za kutengeneza

Tikiti maji ndiyo ya kuanza nayo. Zaidi ya asilimia 90 ni maji, na kile kipande cha mbao pale kona kinatosha mbwa mdogo siku mbili. Toa mbegu, toa ganda lote hadi ile sehemu nyeupe ngumu, ponda kwa uma, mwaga kwa trei ya barafu, tia kwa friza masaa manne hivi. Imeisha. Usiongeze sukari, usiongeze ndimu.

Ndizi na mala. Chukua ndizi moja iliyoiva hadi ikaanza madoa, iponde iwe uji, changanya na nusu kikombe cha mala. Mbwa wengi wakishakuwa wakubwa maziwa mabichi yanawaharisha ju hawawezi ile sukari ya maziwa, lakini mala bakteria washakula sehemu yake, kwa hivyo tumbo linaivumilia poa zaidi. Yoguti pia ni sawa, bora iwe ile haina ladha yoyote. Ile ya stroberi ni sukari na rangi. Mara ya kwanza mpe kijiko kimoja uone choo chake kesho. Ndio, utaangalia choo. Ukifuga mbwa hiyo ni sehemu ya kazi.

Omena. Hii ni yangu mwenyewe na ndiyo Chwani anapigania. Chukua kikombe kidogo cha omena kavu, chambua mawe na mchanga, osha kwa maji moto mara tatu hadi maji yawe safi. Chemsha na lita moja ya maji dakika 20. Hakuna chumvi, hakuna nyanya, hakuna kitunguu, hakuna mafuta, nimesema. Iache ipoe, ponda samaki humo humo ama uchuje kama mbwa wako ni mdogo sana, gandisha. Harufu itakaa kwa keja hadi jioni. Majirani wangu walidhani kuna sherehe ya Wajaluo wakaja na sahani. Unapata trei mbili kwa bei ya chwani na kitu, na ndani kuna protini na kalisiamu, si maji ya rangi.

Kama omena si mambo yako, omba mifupa kwa buchari. Chemsha masaa mawili matatu bila chochote, toa mifupa yote. Mfupa uliopikwa unavunjika vipande vikali vya kutoboa utumbo, kwa hivyo usimwachie hata akikulilia. Weka hiyo supu kwa friji usiku mmoja, asubuhi utaona mafuta yameganda juu kaa nta. Kwangua yote utupe, ndiyo sasa ugandishe. Mafuta mengi kwa mara moja yanaweza kumletea ugonjwa wa kongosho, na huo ni uchungu mbaya.

Boga, viazi vitamu na karoti, chemsha laini, ponda na maji yake, gandisha. Hizi ni za dogi mwenye tumbo gumu ama anayetaka kupunguza kilo. Papai na embe pia ziko sawa ukitoa mbegu na ganda, lakini embe ina sukari, iwe kidogo.

Pinati bata naiweka mwisho makusudi. Mbwa wanaipenda kishenzi, na ile ya kusagwa hapo sokoni haina zailitoli, hiyo ni nzuri. Lakini karanga zina stori nyingine inaitwa aflatoksini, sumu ya ukungu. Unakumbuka ama umesikia mwaka wa 2004, mahindi yenye hiyo sumu yaliua watu 125 huko Makueni, Kitui na majirani zao. Mbwa ni dhaifu kwa aflatoksini, ini lake haliwezi. Kwa hivyo chagua karanga mwenyewe kabla hazijasagwa, zile zimekunjamana, zina rangi ya kijani ama zinanuka vumbi tupa. Hiyo inaenda hata kwa unga wa ugali wake. Ile tabia ya kusema unga umeharibika tumpee mbwa ikome. Kijiko kimoja kikubwa cha pinati bata kinatosha trei nzima, ukikichanganya na ndizi.

Vyombo, saizi na vile unampa

Trei ya barafu inatosha. Kama huna, tumia vikopo vya yoguti ama lile kopo la aiskrimu ambalo kila mtu Kenya akifungua anapata madondo. Chwani hulamba yake kutoka kwa sahani ya chuma. Nammwagia safu nyembamba, nagandisha na sahani, inamchukua nusu saa. Hiyo ndiyo njia napenda kuliko zote, ju hawezi kumeza kipande na hawezi kuvunja jino. Vipande vikubwa vigumu kaa jiwe vinaweza kupasua meno ya mbwa mwenye pupa, na kipande kidogo cha mviringo kinaweza kumkaba. Kama unatumia vipande, viache nje dakika tano vilainike kwanza.

Usiweke vijiti vya mbao. Usiweke stiki za meno. Unataka mshikio wa picha ya Instagram, choma kipande kirefu cha karoti hapo kati, akimaliza anakula na hicho. Na ukimpa kwa kikopo cha plastiki, kaa hapo. Akimaliza kulamba ataanza kula kikopo.

Kipimo sasa. Kanuni ya maveti ni kwamba vitu vya kumfurahisha visizidi asilimia 10 ya kalori zake za siku. Mbwa wa kilo 10 anahitaji kama kalori 600 kwa siku, kwa hivyo barafu na biskuti zote pamoja zisipite 60. Wa kilo 20 ni kama 1,000, kwa hivyo 100. Ndizi moja ya kawaida ni karibu kalori 100. Kile kijiko kikubwa cha pinati bata ni kama 95. Umeona? Ukimpa spitzi wako ndizi nzima na pinati bata, umempa chakula cha nusu siku halafu unashangaa mbona amekuwa pipa. Tikiti kwa upande mwingine ni kalori 30 kwa gramu 100, hapo unaweza kuachilia mkono kidogo. Mimi kwa mbwa mdogo nampa vipande viwili, wa kati vitatu vinne, na si kila siku.

Kama dogi wako ana kisukari, shida ya figo ama yuko kwa dawa, uliza veti wake kwanza.

Stima ikipotea

Ju hii ni Kenya. Tikiti likiyeyuka likaganda tena, halina noma sana, litakuwa baya kwa sura tu. Lakini supu ya mifupa, omena na mala zikiyeyuka zikakaa na joto masaa kadhaa, mwaga. Usigandishe tena. Kwa friza inayofanya kazi vizuri, mimi huwa namaliza ndani ya wiki mbili hivi. Kama huna friza, ongea na mwenye duka wa kona mwenye ile friza ya maziwa. Wangu anaitisha ashu kila trei, na lazima iwe kwa kopo lenye kifuniko, hasa ile ya omena. Hiyo ni haki yake.

Wakati barafu si jibu

Kuna stori husambaa kila mwaka kwamba barafu inaua mbwa kwa kumshtua tumbo. Mbwa mzima anayelamba barafu kivulini, hiyo ni uongo. Lakini mbwa aliyezidiwa na joto kabisa ni kesi nyingine, na hapo barafu usimpe.

Utamjua hivi: anahema kwa nguvu bila kupumzika, ufizi umekuwa mwekundu sana ama umefifia, mate mazito yanaruruka, anayumba, anatapika, ama ameanguka. Huyu hawezi kumeza vizuri, ukimtilia kitu mdomoni anaweza kukabwa. Mtoe juani. Mmwagie maji ya kawaida ya mfereji mwili mzima, hasa tumboni na kati ya miguu, mpepee na chochote, feni, katoni, gazeti. Anza kumpoza hapo hapo kabla ya kutafuta boda, kisha umkimbize kwa veti, na mwendelee kummwagia maji njiani. Hata akisimama, mpeleke. Viungo vya ndani vinaweza kuharibika akionekana yuko sawa.

Na kama amekula moja ya vile vitu vya pale juu, usingoje dalili. Piga simu kwa veti, sema amekula nini, kiasi gani, saa ngapi, na ubebe pakiti. Usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike, hiyo chumvi yenyewe inaweza kumuua. Maziwa pia hayaoshi sumu, najua vile kijijini tunaambiwa. Mimi nililala usiku mzima nikisema atapoa asubuhi, na veti aliniambia hayo masaa ndiyo yaliharibu mambo.

Kitu kimoja cha mwisho: andika kwa kopo. Kalamu, kipande cha selotepu, neno MBWA kwa herufi kubwa. Binamu yangu alirudi Desemba, akafungua friza usiku bila kuwasha taa akitafuta barafu ya kuweka kwa soda yake. Alimaliza nusu glasi kabla ya kuuliza mbona hii kitu inanuka ziwa.